Walimu watatu, mbwa mmoja: nimsikilize nani?

SWALI

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Gungu hapa Kigoma, nafanya kazi ya ulinzi kwenye ghala moja karibu na bandari. Nina mbwa wangu mwenyewe, si wa kazini. Anaitwa Radi, dume la miaka miwili, mama yake German Shepherd, baba yake mbwa wetu huyu huyu wa mtaani. Nimemlea tangu ana wiki nane, kwa uji na vichwa vya migebuka.

Mwaka jana niliona kwenye simu mashindano ya IGP, ile michezo ya mbwa wa kazi yenye sehemu tatu: kufuata nyayo, utiifu na ulinzi. Nilimwona mbwa anatembea ubavuni mwa bwana wake, amemwinulia macho, mkia juu, kama anayesindikiza harusi. Nikajikuta machozi yananitoka. Tangu siku hiyo nataka na mimi nifike pale na Radi, hata ikinichukua miaka, hata kama mashindano yenyewe yako nje ya nchi.

Shida yangu ni walimu. Ninao watatu.

Wa kwanza ni Mzee mmoja wa Katubuka, jirani wa baba yangu tangu zamani. Alikuwa askari wa mbwa hadi anastaafu. Anatumia mnyororo wa shingoni na sauti. Mbwa akikosea, anavuta. Akipatia, anampapasa kifua. Maneno yake ni yale ya jeshini: "siti" (kaa), "dauni" (lala), "hili" (tembea ubavuni mwangu). Hataki malipo, anakuja kwa mapenzi tu.

Wa pili ni dada mmoja aliyewahi kufundisha panya buku kule Morogoro, wale wanaonusa mabomu. Yeye hashiki kamba kabisa. Ana kidude cha kubofya kinacholia "ta!", kisha anampa Radi kipande cha dagaa. Neno lake ni "kaa".

Wa tatu yuko Ubelgiji, nalipia video zake kila mwezi. Yeye ni mpira na kuvutana kamba, mbwa achemke kwanza ndipo afundishwe. Anasema "Sitz" (kaa) na "Platz" (lala), kwa Kijerumani. Juzi alionyesha kola ya umeme, ile inayomshtua mbwa shingoni, akasema wakati wake utafika. Pia anasema Radi amechelewa kuanza kuuma, na vijana wa bandarini wameshajitolea kuvaa mkono wa magunia wa kuumwa na mbwa ili nianze.

Jumamosi iliyopita Mzee na dada walikutana uwanjani, njia ya Mwandiga. (Nyumbani sifanyii mazoezi, bibi anaswali na majirani pia, naheshimu hilo.) Nikasema "kaa". Radi akasita. Mzee akavuta mnyororo na kusema "siti!" Radi akakaa, na papo hapo dada akabofya "ta!" Radi akalaza masikio, akajilamba mdomo, akapiga mwayo mrefu. Kisha akageuka, akaenda kulala chini ya mchikichi pembeni ya uwanja. Nilimwita, hakuja. Mzee akasema, "Umemharibu kwa dagaa." Dada akasema, "Mbwa huyu anaogopa." Mimi nilisimama katikati nikakosa la kusema.

Anti, nimchague yupi? Na nikimwacha Mzee, nitamtazama vipi usoni?

Mama Radi, Gungu

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na ule mchikichi, kwa sababu naona wote watatu mlitazama pale na hamkuona kitu kimoja. Kulamba mdomo pasipo chakula, kupiga mwayo pasipo usingizi, kulaza masikio, kisha kuondoka: hayo ni maneno ya mbwa aliyelemewa. Radi hakukaidi. Aliondoka mahali ambapo tendo moja, kukaa chini, lilimletea maumivu ya shingo na dagaa kwa wakati mmoja. Ungekuwa wewe, mtu akupige kofi na mwingine akupe mkate kwa kazi ile ile na kwa dakika ile ile, kesho ungerudi kazini?

Kwa hiyo kosa la Jumamosi halikuwa la mnyororo peke yake wala la dagaa. Lilikuwa la mikono miwili juu ya mbwa mmoja. Kwa sisi tulioishi na mitumbwi hili si geni: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tangu leo uwanjani iwe sauti moja, na iwe yako. Wale watatu si walimu wa Radi. Ni walimu wako wewe. Wakufundishe wewe, kisha wewe ndiye umfundishe mbwa. Ukilishika hilo, swali la kumchagua mmoja linapungua uzito sana, kwa sababu unaweza kuwa na walimu hata watano bila Radi kujua kwamba wapo.

Sasa, usiwapime kwa kuuliza nani ana njia nzuri. Uliza njia ya kila mmoja ilizaliwa wapi, na kwa shida gani. Ufundi wa Mzee una ukoo mrefu. Mjerumani mmoja, Konrad Most, alianza kufundisha mbwa wa polisi mwaka 1906, na mwaka 1910 akaandika mwongozo uliosambaa majeshini kwa miongo mingi. Hitaji lilikuwa mbwa wengi, kwa haraka, watakaotii penye makelele na hatari. Mkono ukawa mzito kwa sababu hiyo, na askari wengi wa mbwa wa dunia hii walirithi mkono huo bila hata kusikia jina la Most. Mzee wako hakuwa mkatili. Alifundishwa kazi, akaifanya maisha yake yote, na watu walilala salama.

Ufundi wa dada umetoka baharini. Miaka ya 1960, huko Hawaii, Karen Pryor alikuwa anafundisha pomboo. Pomboo huwezi kumfunga mnyororo. Ukimuudhi anapiga mbizi na hujui atatokea wapi. Ikabidi wamfundishe kwa filimbi na samaki: filimbi ikilia, maana yake "hapo hapo umepatia, samaki anakuja". Kile kidude cha kubofya ni mtoto wa filimbi ile. Na panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundishwa vivyo hivyo, mlio na kipande cha ndizi. Panya wa kilo moja na ushei utamvuta kwa mnyororo gani? Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufunzwa hapa hapa Tanzania, akaenda Kambodia, na katika miaka mitano akagundua mabomu ya ardhini na silaha nyingine zisizolipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la tiba ya wanyama la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Kwa hiyo mtu akikuambia kazi ya dagaa na mlio ni mchezo wa watoto, mtajie Magawa.

Naye wa Ubelgiji ni mtu wa mashindano. Mwamuzi wa IGP hatazami tu kama mbwa amekaa. Anatazama amekaa kwa moyo gani, kwa wepesi gani, kama anaifurahia kazi. Ule mkia uliokutoa machozi una alama zake. Ndiyo maana mwalimu huyo anatafuta moto kwanza, kwa mpira na kuvutana. Ila moto huo anauwasha kwa mbwa waliozaliwa kwa kazi hiyo, vizazi na vizazi, na Radi wako ni nusu wa mtaani. Pengine atachemka polepole zaidi. Pengine kwake dagaa atakuwa na nguvu kuliko mpira. Hilo video haiwezi kukuambia, kwa sababu video haimwoni Radi.

Mzee amesema umemharibu kwa dagaa. Usimpuuze. Mara nyingi watu wa mkono mzito huona kosa halisi la watu wa chakula, hata kama dawa yao siyo. Fanya jaribio hili: weka dagaa wote kwenye kopo, kopo lipande juu ya kiti hatua tano kutoka ulipo, mikono yako iwe mitupu na Radi aone ni mitupu. Toa amri. Akikaa, bofya, kisha mwende wote wawili mbio hadi kwenye kopo. Asipokaa, basi Mzee ana haki: umekuwa ukionyesha dagaa kabla, na Radi anafanya kazi kwa rushwa. Dagaa anayekuja baada ya kazi ni mshahara. Mkono usiingie mfukoni kabla ya "ta!", hata kidogo, maana mbwa husoma bega lako likianza tu kusogea.

Na dada naye amesema kweli, mbwa anaogopa. Kuvuta mnyororo kwa neno ambalo mbwa bado halielewi ni dhuluma, nalisema hivyo bila kupunguza. Nina kovu langu kwenye jambo hili. Mbwa wangu wa kwanza nilimfundisha kuja kwa kumvuta, kwa sababu niliambiwa ndivyo inavyofanywa. Alijifunza. Alikuwa anakuja kila nikiita, ila anakuja amejikunja, tumbo karibu liguse chini, na akifika haniangalii. Ilinichukua msimu mzima wa mvua kumrudishia uso wake. Kola ya umeme usiinunue kabisa. Wales waliipiga marufuku mwaka 2010, na mtu wa mbali asiyeona masikio ya mbwa wako hana haki ya kukuambia wakati wake umefika.

Maneno ni jambo dogo, tulimalize. Tendo moja, neno moja. Katika IGP unaweza kutoa amri kwa lugha yako, ilimradi usibadilishe neno la tendo lile lile. Ila hesabu mara ngapi kwa siku "kaa" inatamkwa nyumbani kwenu: "Karibu, kaa", "Kaa hapa mama", "Kaa vizuri wewe mtoto". Radi anasikia yote na hakuna linalomhusu, mpaka neno limekuwa kama upepo. Chukua "Sitz" na "Platz", si kwa sababu ni za Ulaya, bali kwa sababu Gungu hakuna mtu anayezisema. Mwambie dada abadilishe. Ataelewa mara moja.

Sasa Mzee, ambaye naona ndiye anayekunyima usingizi.

Usimwache. Mpe nyayo. Askari wa mbwa wa zamani hana mfano katika kufundisha kunusa, na hiyo ni theluthi ya mashindano yako: kila sehemu ina alama 100. Katika IGP ya ngazi ya kwanza unaweka njia mwenyewe kwa kuitembea, isiyopungua hatua 300, yenye vipande vitatu vilivyonyooka na kona mbili, unaiacha dakika 20, kisha mbwa anaifuata kwa kamba ya mita 10 na kukuonyesha vitu viwili ulivyoangusha. Ngazi ya pili njia inawekwa na mtu mgeni. Ya tatu ni hatua 600, imekaa saa nzima. Mtu wa kuijua njia kama hiyo kwa kuitazama tu majani yalivyolala hapatikani kwenye video.

Mfanye hivi. Nendeni alfajiri. Hapa kwetu magharibi jua linachelewa, karibu saa moja ndiyo linatoka, kwa hiyo una umande hata ukichelewa kuamka. Miezi ya mvua ndiyo mizuri ya kuanzia. Kiangazi ardhi ikikauka harufu haikai. Kanyaga majani taratibu, hatua fupi, mguu mmoja mbele ya mwingine, na kwenye kila alama ya kisigino acha dagaa mmoja. Mmoja, si watatu. Radi ataanza kwa kurukia dagaa, atakosa wawili, atarudi. Usiseme kitu. Baada ya siku kadhaa utaona kitu kinabadilika: pua inashuka, pumzi inakuwa ya haraka na fupi, unaisikia kabisa, fu-fu-fu-fu, na kichwa hakinyanyuki hata kunguru akipita. Hapo ndipo anza kuruka hatua moja bila dagaa, kisha mbili. Kwenye nyayo hakuna haja ya kuvuta wala kupiga kelele, kwa hiyo mnyororo utabaki nyumbani bila mtu kuambiwa "acha mnyororo". Na ukifika ngazi ya pili, mgeni wa kuweka njia, aliye mwaminifu na anayejua kona inakatwaje, utamtoa wapi kama si Katubuka?

Nenda nyumbani kwake, usimwambie uwanjani wala kwa simu. Chukua kilo ya sukari na majani ya chai. Salimia, kaa, subiri akuulize habari za baba. Kisha sema kwa maneno yako mwenyewe kitu kama hiki: "Mzee, Jumamosi nilikosa. Nilikukutanisha na dada bila kumweleza yeyote nani anafundisha, nikakuaibisha. Nisamehe. Nimekuja kuomba unifundishe nyayo toka mwanzo, kama ulivyofundishwa kazini. Utiifu nitaushika mwenyewe, maana siku ya mashindano nitakuwa peke yangu na Radi. Ukiniona nakosea, naomba uniambie tukishamaliza, tukikaa." Usimtaje dada zaidi ya hapo, wala usimlete wa Ubelgiji kwenye mazungumzo. Na asipokubali siku hiyo, usibishane. Kunywa chai yake, aga, rudi wiki inayofuata umwambie Radi amefuata hatua ngapi.

Utiifu uende kwa njia ya dada, na ladha ya yule wa Ubelgiji ije baadaye kidogo, mpira badala ya dagaa pale Radi akishajua neno. Shika daftari. Andika tarehe, saa, zoezi, na amepatia mara ngapi kati ya kumi. Akifikisha nane, ongeza ugumu kidogo. Akishuka chini ya tano, rudi nyuma, kosa ni lako. Andika pia mkia na masikio yalikuwaje, maana mara nyingine namba zinapanda huku mbwa anazimika. Kitu kipya cha mwalimu yeyote kipe wiki tatu, na badilisha kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia. Na mwalimu akikupa zoezi, muulize: "Radi anajifunza nini hapa?" Mwalimu mzuri hufurahia swali hilo. Anayekasirika, chukua ulichokipata kwake na uendelee.

La vijana wa bandarini na mkono wa magunia, hapana. Hilo simamisha leo. Sehemu ya ulinzi si kuuma tu. Sehemu kubwa ni kujizuia: kumpata mtu na kubweka bila kumgusa, kushika mkono peke yake, kuachia kwa neno moja. Anayevaa mkono ndiye anayefundisha nusu ya hayo, kwa anavyosimama, anavyosogea, anavyotulia mbwa akishika. Kijana aliyejaza magunia mkononi atamchokoza Radi, atacheka, atarudi nyuma kwa hofu, na Radi atajifunza kwamba watu hukimbia ukiwatishia. Mbwa huyo unaishi naye Gungu, anapita watoto wa shule kila asubuhi. Subiri hadi utakapompata mtu aliyefundwa kazi hiyo, hata kwa kusafiri. Radi hajachelewa. Mtihani wa kwanza kabisa, BH, ni wa utiifu na tabia njema kati ya watu, baiskeli na magari, na soko la Mwanga litakupa mazoezi yote hayo bure. Tena kuna mitihani ya nyayo peke yake. Nani ajuaye, huenda Radi na Mzee wakakupeleka huko kwanza.

Jumamosi hii usimwite mwalimu yeyote uwanjani. Nenda na Radi peke yenu, bila mnyororo, bila kidude, ile kamba ndefu tu, hadi chini ya mchikichi ule ule alikokimbilia. Keti. Usimwambie lolote. Akija kukunusa, mpe dagaa. Akilala, mwache alale. Siku atakayonyanyuka mwenyewe na kutangulia kuelekea katikati ya uwanja, mfuate, toa neno moja, "Sitz", mara tatu tu, kisha mrudi nyumbani. Dagaa nunua wasiotiwa chumvi, na waoshe mara mbili, wale wanaoanikwa ufukweni wana mchanga mwingi.